Namba katika ripoti ya Kiingereza: mwongozo kwa anayehesabu kwa Kiswahili

"J'tatu usiku saa nane. Boti sita. Ndoo 14, akina mama 9. Ndoo elfu ishirini na tano. Jumla laki tatu na nusu."

Mistari hii imetoka kwenye daftari la kikundi cha akina mama wakausha dagaa pale mwalo wa Kibirizi, mahali pa kushushia samaki kando ya Ziwa Tanganyika, Kigoma. Aliyeiandika alikuwa amesimama mchangani, simu inammulikia, wenzake wanapakua. Kwake inatosha kabisa. Ukimuuliza chochote kuhusu usiku ule atakujibu. Tatizo huanza miezi mitatu baadaye, mfadhili anapotaka ripoti kwa Kiingereza na daftari likaletwa mezani kwangu.

Kazi hii ya kuandikia vikundi ripoti na maandiko ya mradi nimeifanya miaka mingi. Jambo moja limenikaa: kosa la sarufi msomaji wa mbali hulisamehe, kosa la namba halisamehe. Akikutana na kitenzi kilichokosewa anapita. Akikutana na jumla isiyolingana na bei mara idadi, anaanza kutilia shaka hata yale uliyoyasema kweli. Na makosa mengi ya namba ninayoyaona hayatokani na kutojua Kiingereza. Yanatokea pale namba inapovuka kutoka kwenye Kiswahili chetu, ambacho kina saa yake, laki yake na ufupisho wake wa sokoni. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kabla ya Kiingereza.

Hatua ya kwanza: ivue namba Kiswahili

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto nakili maneno ya daftari kama yalivyo. Kulia andika tarakimu kamili pamoja na kipimo chake. Usiandike neno hata moja la Kiingereza kabla safu ya kulia haijajaa.

"Laki tatu na nusu" ni 350,000. Kiingereza cha kawaida hakina laki, kwa hiyo anayetafsiri moja kwa moja kichwani huteleza sifuri moja. Nimeona laki tatu na nusu ikigeuka "three and a half million", na nimeona ikigeuka "300,500", mwandishi akiidhani nusu ni ya elfu moja.

"Elfu ishirini na tano" ni mtego mkubwa zaidi, maana kwa Kiswahili maneno hayo hayo yanaweza kuwa 25,000 au 20,005. Sisi tunajua ndoo ya dagaa haiuzwi shilingi elfu ishirini na shilingi tano, basi hatuoni utata wowote. Mashine ya kutafsiri haijui bei ya dagaa. Kiingereza kinatenganisha waziwazi: "twenty-five thousand" au "twenty thousand and five".

Halafu kuna ufupisho. Ukiuliza samaki aina ya kuhe ni bei gani ukaambiwa "kumi", umeambiwa elfu kumi. Buku ni elfu moja, jero ni mia tano. Vyote vinaingia kwenye madaftari. Ukikuta "5" kwenye safu ya bei usikisie. Mpigie mwenye daftari. Vivyo hivyo kwa vipimo: ndoo, sado na dumu vina ujazo unaotofautiana, hivyo andika lita au kilo pembeni mara unapoambiwa.

Hatua ya pili: saa na siku

Wengi wanajua kwamba saa mbili asubuhi ni "8 a.m.". Wanalijua, lakini wanalisahau wanapoandika kwa haraka. Kanuni ni rahisi: saa moja hadi saa sita, ongeza sita, saa saba hadi saa kumi na mbili, toa sita. Saa moja asubuhi ni 7, saa tisa mchana ni 3, saa kumi na mbili jioni ni 6.

Mwaka mmoja niliandika mwaliko wa mafunzo kwa Kiingereza nikaweka "2:00" kwa maana ya saa mbili asubuhi. Mgeni aliyetakiwa kufundisha akapanga kufika mchana. Akina mama walikaa wakisubiri tangu asubuhi, dagaa wao juani bila wa kuwageuza, na mgeni alipoingia saa nane kasoro alishangaa kukuta watu wamekasirika na yeye amewahi. Tangu siku hiyo siandiki saa bila "a.m." au "p.m.", na saa sita siiandiki kwa tarakimu kabisa. Saa sita mchana naandika "noon", saa sita usiku "midnight", kwa sababu "12 a.m." huwachanganya hata Waingereza wenyewe.

Siku ni ngumu kuliko saa. Mvuvi anayetoka Jumatatu jioni na kurudi saa nane usiku atasema "Jumatatu usiku saa nane", maana kwake usiku ni mmoja na alianza nao Jumatatu. Kalenda ya Kiingereza hubadilisha siku saa sita usiku, kwa hiyo boti hizo zimerudi "at 2 a.m. on Tuesday". Kiswahili kina njia safi ya kulisema hili, usiku wa kuamkia Jumanne, na ningependa kila daftari la mwaloni liandikwe hivyo. Mpaka hapo, kila "usiku" uliopita saa sita uhamishe siku moja mbele.

Tarehe nazo ziandike kwa jina la mwezi. Sisi na Waingereza tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi, kwa hiyo "3/4/2025" ni tarehe tatu Aprili hapa na tarehe nne Machi kule. "3 April 2025" haina mashaka popote. Usiweke "3rd of" wala "day of". Hizo ni za hati za mahakamani.

Hatua ya tatu: nukta na mkato, hasa kwetu mpakani

Hili anayeandika Dar es Salaam anaweza kulipita. Anayeandika Kigoma hawezi. Mizigo yetu inatoka na kwenda Bujumbura ya Burundi, Uvira na Kalemie za Kongo, na huko watu walisomeshwa kwa Kifaransa. Kwa desturi ya Kifaransa mkato ndio unaotenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi tupu au kwa nukta. Kiingereza kinafanya kinyume: nukta ni ya desimali, mkato ni wa maelfu. Kimataifa alama zote mbili za desimali zinakubalika, na uamuzi wa mkutano mkuu wa vipimo na mizani wa mwaka 2003 ulisema hivyo. Hakuna anayekosea, ila namba moja inabeba maana mbili.

Nililetewa risiti ya mzani kutoka ng'ambo ya ziwa imeandikwa "12,500 kg". Nikaiingiza kwenye jedwali kama ilivyo: kilo elfu kumi na mbili na mia tano. Risiti ilimaanisha kilo kumi na mbili na nusu, mzani ukionyesha hadi gramu. Jedwali langu likasema kikundi cha watu wachache kimepokea tani kumi na mbili na nusu za dagaa wakavu kwa siku moja, na liliwafikia watu watatu kabla mmoja hajauliza zilibebwa na boti gani.

Basi, karatasi ikitoka upande ule, angalia tarakimu zilizo baada ya alama. Zikiwa mbili au moja, kama "2,5", ni desimali hakika. Zikiwa tatu, usiamini macho. Linganisha na bei, ujazo au idadi ya magunia. "1.250.000" yenye nukta mbili haiwezi kuwa desimali, hiyo ni milioni moja na robo. Ukishajua, iandike kwa Kiingereza: "12.5 kg", "1,250,000". Na desimali iliyo chini ya moja ipewe sifuri mbele, "0.75", kwa sababu nukta peke yake hupotea karatasi ikitolewa fotokopi.

Ukitafsiri kutoka Kifaransa, kumbuka pia kwamba "milliard" yao ndiyo bilioni yetu, sifuri tisa, na "billion" yao ina sifuri kumi na mbili. Uingereza nayo ilikuwa na bilioni ya sifuri kumi na mbili, hadi serikali yake ilipotangaza mwaka 1974 kwamba itatumia ile ya sifuri tisa. Ukisoma kitabu cha zamani cha Kiingereza, litazame neno hilo mara mbili.

Hatua ya nne: maneno au tarakimu?

Sasa ndiyo tunaingia kwenye Kiingereza chenyewe. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: niandike "nine" au "9"?

Kuna madhehebu mawili makubwa. La kwanza ni la waandishi wa habari wanaofuata mwongozo wa shirika la habari la Associated Press na watafiti wanaofuata mtindo wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani: moja hadi tisa kwa maneno, kumi na kuendelea kwa tarakimu. "Nine women", "14 buckets". La pili ni la The Chicago Manual of Style, linalotumiwa sana kwenye vitabu: sifuri hadi mia moja kwa maneno, pamoja na namba za mviringo kama "two hundred" na "fifteen thousand", nyingine kwa tarakimu. Hapo ndoo zetu ni "fourteen buckets", na zikifika 215 zinaandikwa "215".

Muulize mfadhili anafuata lipi. Asipokuwa na jibu, kwa ripoti za miradi mimi nachagua la kwanza. Ripoti imejaa hesabu, na jicho la msomaji linatafuta tarakimu. Kwa barua ya heshima, hotuba au simulizi nachagua la pili. Muhimu ni kushika moja hadi ukurasa wa mwisho. Ripoti iliyoandikwa na watu wanne huwa na mitindo minne, na hilo linaonekana hata kabla haijasomwa.

Na ule mtindo wetu wa kuandika mara mbili, "five (5) boats", uache kwenye hundi na mikataba. Huko una sababu: mtu asiongeze sifuri. Ndani ya ripoti unamchosha msomaji, na nimeona mara nyingi neno likirekebishwa huku tarakimu ya kwenye mabano ikisahaulika.

Mahali ambapo kanuni hiyo inaachiwa

Mwanzo wa sentensi hauanzi na tarakimu. "14 buckets were sold" inakuwa "Fourteen buckets were sold", na namba ikiwa ndefu, igeuze sentensi badala ya kuijaza maneno: "The group sold 1,315 buckets". Associated Press wanaruhusu mwaka uanze sentensi. Mimi hata huo naurudisha nyuma, kwa "In 1915".

Vitu vya aina moja vikitajwa pamoja, viandikwe kwa namna moja. "We trained 8 women in Ujiji, 12 in Kibirizi and 31 in Katonga" inasomeka vizuri kuliko "eight", kisha "12", kisha "31". Associated Press wangeuacha mchanganyiko huo. Hapa nasimama na Chicago, kwa sababu msomaji analinganisha, na vinavyolinganishwa vifanane. Vitu vya aina tofauti havihusiki: boti zinaweza kuwa "six" na ndoo "14" ndani ya sentensi moja.

Namba mbili zikigusana, moja iwe neno. Kiswahili kina "ya" ya kuzitenganisha, madumu 5 ya lita 20, Kiingereza hakina. "5 20-litre jerrycans" mtu anaweza kuisoma mia tano na ishirini. Andika "five 20-litre jerrycans".

Vipimo na asilimia ni tarakimu hata vikiwa vidogo: "5 km", "3 kg", "8%". Acha nafasi kati ya tarakimu na kifupisho cha kipimo, na usikiwekee "s". "Kms" na "kgs" zimejaa kwenye ripoti zetu na zote si sahihi. Asilimia kwa neno ni "percent" kwa Wamarekani na "per cent" kwa Waingereza. Chagua moja.

Fedha: "TZS 350,000". Alama yetu ya "/=" inaeleweka Tabora na Mwanza; msomaji wa Oslo anaiona kama kosa la kuchapa. Usiandike "TZS 350,000 shillings", maana shilingi zimeshatajwa. Ukibadilisha kuwa dola, taja tarehe ya kiwango ulichotumia.

Vistari na wingi

Hapa Kiswahili chetu kinajitokeza sana, na nitakaa kidogo.

Kuanzia 21 hadi 99, namba ya maneno inayounganisha makumi na mamoja hubeba kistari: "twenty-one", "ninety-nine". "Two hundred" haina. Baada ya mia, Mwingereza anatia "and", "one hundred and twenty", Mmarekani kwa kawaida haitii.

Namba ikifuatana na nomino kueleza nomino nyingine, vyote viunganishwe kwa kistari na nomino ya katikati ibaki umoja: "a three-day seminar", "a 20-litre bucket", "a ten-year-old boat". Sisi tunasema semina ya siku tatu, wingi unatuingia, tunaandika "a three days seminar". Jaribu hivi: ukiweza kuweka "a" mbele, kistari na umoja, usipoweza, wingi bila kistari. "The seminar lasted three days."

"Hundred", "thousand" na "million" hazipokei "s" zikitanguliwa na namba: "five hundred nets", "2 million shillings". Zinapokea zikisimama kwa maana ya wingi usiohesabiwa: "hundreds of nets". Sehemu nazo zina kistari, "two-thirds", na theluthi mbili usiigeuze "66.67%" kama waliohojiwa walikuwa watatu.

Miaka, vipindi na namba kubwa

Meli yetu ya MV Liemba ni mfano mzuri wa kujizoeza, maana kila mtu hapa ana habari zake. Ilijengwa Ujerumani, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Kwa Kiingereza: "The ship was under repair from 1924 to 1927". "From" inadai "to", na "between" inadai "and". "From 1924–1927" ni kosa, na "between 1924 to 1927" ni kosa, ingawa ukifungua ripoti yoyote utayakuta. Kistari cha miaka kibaki kwenye majedwali na mabano. Muongo hauna alama ya ritifaa: "the 1920s".

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Kwenye jedwali iandike yote. Ndani ya maelezo "61.7 million" inatosha, na msomaji ataikumbuka. Ila ukishakadiria, neno lako likubaliane na namba: "about 61.7 million" ni sawa, "about 61,741,120" inajipinga. Ziwa letu kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470, huandiki "nearly 1,470.00 metres".

Kurudi kwenye daftari

Mistari ile ya mwanzo, ikifuata njia hii, inakuwa hivi:

"At 2 a.m. on Tuesday, six boats returned. Nine women bought the catch, 14 buckets in all, at TZS 25,000 a bucket, for a total of TZS 350,000."

Zidisha 14 kwa 25,000 kabla ya kuendelea. Inalingana. Fanya hivyo kwa kila jumla, kwa kikokotoo na si kwa kichwa, kisha pitia ripoti ukitazama tarakimu tupu, bila kusoma maneno.

Baada ya hapo ndipo inakuja hatua ambayo sijawahi kuiruka tangu nianze kuifuata: mwite mwenye daftari, umsomee kila namba kwa Kiswahili, polepole, naye akiwa ameshika daftari lake. Ripoti hii nilimsomea mweka hazina wa kikundi akiwa anapepeta dagaa uani kwake. Nilipofika kwenye ndoo kumi na nne akanyanyua mkono.

"Hapana mwanangu. Moja ilikuwa imelowa mafuta ya mashine, tukamrudishia mwenyewe. Hatukuilipa. Mwandishi alishafunga daftari."

Ndoo 13, TZS 325,000. Jumla ya wiki ikabadilika, ya mwezi ikabadilika, na asilimia moja kwenye ukurasa wa nne nayo ikabidi ihesabiwe upya.